Ngano ya Basotu na Swali la Kazi



Neno utandawazi tumelizoea. Kwa wengi wetu maana yake ni simu ya mkononi, nguo za mitumba na mpira wa Ulaya kwenye kibanda cha kulipia. Mkulima wa mbaazi wa Hanang ana maana nyingine. Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoruhusiwa kuingia nchini mwake, tani 200,000 kwa mwaka. Bei huku kwetu ikaporomoka, na magunia yakabaki yamelala nyumbani. Hakuna mtu wa Katesh aliyeulizwa kuhusu uamuzi ule, lakini ada za watoto wa Katesh ziliamuliwa siku ile.

Hata hivyo mbaazi si mwanzo wa habari hii. Utandawazi ulifika Hanang kabla hatujawa na neno lake, na ulifika kwa trekta. Ningependa tuutazame ule mradi wa ngano wa Basotu, kwa sababu wanaosoma masuala ya kazi, matabaka na uhamaji katika vyuo vya mbali wameuandika sana, na sisi tunaoishi hapa tunaujua kwa vipande vipande tu. Wazee wanaukumbuka. Vijana wanapita kando ya mashamba yale kwenye basi bila kujua kilichopita hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya utafiti ninaousema. Mtafiti wa jamii anapofika mahali anauliza maswali yanayoonekana ya kawaida. Nani anafanya kazi gani? Nani anamiliki kile kinachofanyiwa kazi? Mazao yakitoka, nani anapata nini? Na nani amelazimika kuondoka? Swali la kwanza na la pili huzaa tunachokiita tabaka. La mwisho ndilo uhamaji. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kulichukua hili la mwisho peke yake, kana kwamba watu huhama kwa sababu ya tabia yao tu.

Na hapo ndipo tunapokutana na Wabarabaig.

Wabarabaig ni sehemu ya Wadatoga, wafugaji walioishi kuzunguka Mlima Hanang na tambarare za Basotu kwa vizazi vingi. Watu wengi nchini wanawaita Mang'ati. Jina hilo si lao. Limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui. Fikiria kubatizwa jina na mtu uliyepigana naye, kisha jina hilo liandikwe magazetini hadi leo. Ukisema Mang'ati huko Morogoro au Lindi, picha inayokuja ni mtu mwenye fimbo na ng'ombe wengi, asiye na kwao, anayetangatanga. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwao palikuwepo, na panajulikana kwa ekari.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa na shida ya kweli. Miji ilikuwa inakua, watu wa mijini walikuwa wanakula mkate, na ngano ilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni ambazo taifa changa halikuwa nazo za kutosha. Kanada ilikuwa na ujuzi wa kulima ngano kwenye mbuga kubwa kwa mashine, na ilikuwa tayari kutoa msaada. Tambarare za Basotu zilifanana na mbuga zile: wazi, udongo mzuri, miti michache. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, likaanzisha mashamba kwa msaada huo. Kadiri miaka ilivyokwenda yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla eneo lilifika karibu ekari 100,000.

Sioni haki kuwafanya waliobuni mradi huu kuwa watu wabaya. Walitaka taifa lijilishe. Kwa miaka fulani ngano ilitoka kwa wingi, na ulikuwa mradi wa kuonyeshwa wageni. Lakini mtafiti akiuliza swali la kwanza, nani anafanya kazi, jibu linashangaza. Kilimo cha mashine kubwa kazi yake ni kupunguza watu. Trekta moja linalima eneo ambalo kwa jembe la mkono lingetaka kijiji kizima, na mashine ya kuvunia inamaliza kwa siku kile ambacho wavunaji wangekifanya kwa majuma. Mashine zilitoka nje, vipuri vikatoka nje, mafuta yakatoka nje, na mafundi wengi wakatoka mikoa mingine au Kanada kwenyewe. Kazi zilizobaki kwa mwenyeji asiyesoma zilikuwa ulinzi na vibarua vya msimu. Kwa hiyo ule mkate uliokusudiwa kuokoa fedha za kigeni ulikuwa wenyewe umeokwa kwa fedha za kigeni.

Sasa ile ardhi kabla ya trekta. Katika barua na ripoti za wakati ule ilionekana kama ardhi ambayo haitumiki vizuri. Katika miaka ya 1980 mtafiti Charles Lane alikaa na Wabarabaig na kufuatilia jinsi walivyotumia malisho yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Alichokikuta kilikuwa mpango wa kina. Wafugaji waliyagawa malisho katika aina nane, kila moja na jina lake na msimu wake: ya mlimani, ya msituni, ya kando ya mito, ya tambarare na mengineyo. Mifugo ilizungushwa kati ya aina hizo kufuatana na mvua, maji na chumvi, ili nyasi za sehemu moja zipumzike wakati ng'ombe wako sehemu nyingine. Yale bora kuliko yote, yenye udongo mwingi na nyasi za kunenepesha, waliyaita muhajega. Na muhajega ndiyo ardhi nzuri ya ngano.

Hili ndilo jambo ambalo ramani haisemi. Ukiangalia wilaya nzima ya Hanang kwenye karatasi, mashamba saba yalichukua sehemu ndogo tu, na mtu wa ofisini angeweza kusema kwa moyo safi kwamba wafugaji wamebakiziwa eneo kubwa. Lakini mzunguko wa malisho ni kama mwaka wa mkulima. Ukimnyang'anya mkulima mwezi mmoja tu, ule wa kupanda, umemwachia miezi kumi na mmoja na umemmaliza. Muhajega ilipoondoka, ng'ombe walikaa muda mrefu kuliko kawaida kwenye malisho yaliyobaki, nyasi zikakosa kupumzika, udongo ukaanza kuondoka. Kisha watu wakasema: mnaona, wafugaji wanaharibu ardhi. Zaidi ya hayo, mashamba yalikata njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi, na malalamiko ya wafugaji kukamatwa, kutozwa faini na kupigwa kwa sababu ya kupitisha mifugo yakawa mengi.

Kwa nini ufugaji haukuonekana kuwa kazi? Kwa sisi tunaosoma falsafa, swali hili lina babu zake. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anazitaja njia ambazo watu hupata riziki, na akifika kwa wafugaji wanaohamahama anasema kuwa hao ndio wavivu kupita wote, maana chakula chao kinatoka kwa wanyama wa kufugwa bila jasho. Mwalimu wetu mkubwa, lakini ni wazi hakuwahi kunywesha ng'ombe mia kwenye kisima mwezi wa Oktoba. Ajabu ni kwamba sentensi hiyohiyo inaendelea kusema kwamba wafugaji wanalima shamba lililo hai. Alikuwa na jibu mkononi akalipita. Karne nyingi baadaye John Locke wa Uingereza akafundisha kwamba ardhi huwa mali ya mtu anapochanganya nayo kazi yake, na kazi aliyokuwa nayo akilini ilikuwa kulima na kuzungushia uzio. Ardhi isiyolimwa kwake ilikuwa kama ya bure inayongoja mtu wa kuifaidi. Sidhani kama afisa yeyote wa miaka ya 1970 alimsoma Locke kabla ya kupima shamba la Basotu. Hakuhitaji. Wazo lilikuwa limeshaingia katika sheria na katika vichwa vya wasomi wa kila nchi, wakoloni na waliotawaliwa.

Kwa hiyo uamuzi kuhusu ardhi ulitanguliwa na uamuzi mwingine wa kimyakimya kuhusu kazi: hii tunaihesabu, ile hatuihesabu. Aliyehesabiwa alipewa hati. Asiyehesabiwa akawa mvamizi katika malisho ya babu yake.

Kulikuwa pia na makaburi. Wabarabaig huwazika wazee wao wenye heshima chini ya kilima cha udongo kinachojengwa na jamaa na majirani kwa taratibu ndefu. Kilima hicho huitwa bung'ed. Watu huenda hapo kuomba na kukumbuka. Mengi kati ya hayo yalikuwa kwenye muhajega, na mengi yalilimwa. Mkatoliki anayekwenda makaburini tarehe 2 Novemba na chupa ya maji ya baraka haitaji kuelezwa zaidi.

Walikwenda mahakamani. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji kadhaa waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa ushindi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua. Sababu zake zinafaa kusomwa polepole. Sheria ya Ardhi iliyotumika bado ilikuwa ile ya kikoloni ya mwaka 1923, ambayo ililinda haki za kimila za wenyeji, yaani Waafrika kwa maana ya sheria hiyo. Mahakama ilisema wadai hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana hiyo. Wengi wao hawakusimama kutoa ushahidi, kila mmoja kwa ajili yake. Nalo baraza la kijiji halikuonyesha kuwa liligawiwa ardhi ile. Miaka zaidi ya ishirini baada ya Uhuru, mtu wa Hanang alitakiwa kuthibitisha mbele ya mahakama ya nchi yake kwamba yeye ni mwenyeji wa Hanang.

Hapa lazima niseme neno kuhusu sisi wakulima, maana wengi wa wasomaji wa jarida hili, kama mimi, wametoka katika familia za Wairaqw. Sisi tuna historia yetu ya uhamaji. Kiini chetu ni Mama Isara, katika milima ya Mbulu, ambako wazee walilima kwa ustadi sehemu ndogondogo kwa samadi, makinga maji na ng'ombe wanaolala ndani ya nyumba. Mwanajiografia wa Uswidi, Lowe Börjeson, aliandika mwaka 2004 kuhusu kilimo hicho, na kinastahili sifa alizokipa. Lakini milima haikutosha. Kuanzia mwanzo wa karne iliyopita watu walishuka kwenda Karatu, Dongobesh, Haydom, Babati na Hanang. Walikokwenda walikuta mbuga, na mara nyingi mbuga hizo zilikuwa malisho ya Wadatoga. NAFCO ilichukua muhajega kwa hati. Jembe letu lilichukua kingo zake bila hati, shamba baada ya shamba. Hatupendi kulitaja hili jumuiyani.

Wala sisi hatukubaki sawasawa. Mtafiti Philip Raikes alichunguza kilimo cha ngano upande wa kaskazini wa nchi ya Wairaqw, huko Karatu, miaka ya kwanza ya Uhuru. Alikuta kwamba mwenye trekta alikodisha au kuchukua mashamba ya jirani asiye na trekta, akapanua, akaajiri, na katika muda mfupi watu waliokuwa majirani wakawa tajiri na kibarua. Tabaka halikuletwa na mgeni. Lilikua humuhumu, likifuata bei ya ngano na uwezo wa kupata mkopo. Leo kijana wa Mbulu ambaye urithi wake umegawanywa kati ya ndugu sita ana njia chache. Anaweza kulima vitunguu saumu kwenye kipande kilichobaki. Anaweza kwenda Babati au Arusha kwenye bodaboda. Au anashuka mgodini Mererani, humuhumu mkoani kwetu, ambako mwanaapolo kwa desturi hufanya kazi bila mshahara, akitegemea chakula cha tajiri wa mgodi na sehemu yake siku jiwe likipatikana. Tanzanaiti ikipatikana inaweza kukatwa Jaipur, India, na kuvaliwa Marekani. Kijana huyu tunamwita mtafutaji, kwa heshima. Mbarabaig anayeondoka na ng'ombe wake kwa sababu ileile tunamwita mhamaji, kwa sauti nyingine kabisa.

Walikwenda wapi? Singida na Tabora kwanza, kisha kusini zaidi: bonde la Usangu huko Mbeya, Kilosa na mabonde ya Morogoro. Baadhi walikwisha kuhama kabla ya ngano, kwa ukame na magonjwa ya mifugo, na ufugaji wenyewe unataka mwendo. Si kila safari iliyoanza Hanang ilisababishwa na NAFCO. Lakini kuna tofauti kati ya mwendo wa mzunguko, unaorudi pale ulipoanzia, na mwendo usio na pa kurudi. Walikofika walikuta wakulima na hifadhi. Mwaka 2000 wakulima na wafugaji waliuana Kilosa, na waliokufa walizidi thelathini. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji Usangu, ikieleza kwamba maji ya Mto Ruaha Mkuu yanapungua na mabwawa ya umeme yanakauka. Wengi, wakiwemo Wabarabaig na Wasukuma, waliswaga mifugo yao hadi mkoa wa Lindi. Ng'ombe wengi walikufa njiani. Mtoto aliyezaliwa Kilwa katika safari hiyo anaitwa mgeni na watu wa Kilwa, na akija Basotu hana mahali pa kuweka zizi.

Mradi wenyewe uliishaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanada ilijiondoa. Ulikuwa wakati wa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, mashirika ya umma yakiuzwa au kufungwa. Bila msaada, vipuri vilikosekana na mashine zikasimama. Baadaye baadhi ya mashamba yaliingia mikononi mwa wawekezaji binafsi na mengine yakagawiwa wananchi kwa kilimo. Ng'ombe hawakurudi kwenye muhajega. Na ngano? Sehemu kubwa sana ya ngano inayoliwa Tanzania leo bado inatoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, wapika chapati na maandazi walijua mapema kuliko wachambuzi.

Tumepata sheria bora zaidi. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992, ilizunguka nchi ikisikiliza wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya kimila ina nguvu sawa na hati ya Serikali, na inawaruhusu wanakijiji kutenga malisho ya pamoja. Lakini hatimiliki ya kimila hutolewa kwa urahisi zaidi kwa mtu mwenye shamba linaloonekana, lenye mipaka na mahindi. Malisho ya pamoja yanataka mpango wa matumizi ya ardhi, vikao, wapimaji na fedha. Swali lile la zamani limerudi kupitia mlango wa karatasi.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, anatenganisha pande mbili za kazi: kile kinachotengenezwa, na mtu anayefanya. Anafundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu. Nimewahi kusikia mafundisho hayo yakitumiwa kwa kiwanda na kwa ofisi. Yakitumiwa kwa Basotu yanauma, kwa sababu pale hesabu ilianza na magunia, na mchunga ng'ombe hakuwa na gunia la kuonyesha.

Waraka ule ulitoka mwaka ambao mashamba ya ngano yalikuwa bado yanapanuka.

Kwa upande wa parokia zetu jambo hili lina sura ya kawaida sana. Jumuiya ndogo ndogo zimepangwa kwa nyumba zisizohama. Familia ya wafugaji inayohamia kigangoni miezi minne na kuondoka mara nyingi haimo kwenye daftari, na ikitaka ubatizo wa mtoto au maziko ya mama inaulizwa kadi ambayo haikuwa na muda wa kuipata. Makatekista wanaotoka Basotu wanalijua hili kuliko mimi. Na vikao vya mpango wa matumizi ya ardhi vinafanyika katika vijiji vingi vya wilaya zetu mbili, vingi vikiwa na wajumbe ambao ni waamini wetu, wenyeviti wa jumuiya na wazee wa kanisa. Wabarabaig wana mkutano wao wa hadhara chini ya mti, getabaraku, ambapo mambo ya malisho na maji huzungumzwa hadi watu wakubaliane, hata kwa siku kadhaa. Kikao cha kijiji huitishwa kwa tangazo ubaoni, saa nne asubuhi, wakati ambao ng'ombe wameshatoka na wachungaji wao wako maili kadhaa porini. Akidi inatimia bila wao, muhtasari unaandikwa, na malisho yanabadilishwa jina kuwa eneo la akiba.